Sebule ya Mshenga

1

Mzee yule alikuja ofisini kwangu kuchukua maiti ya binti ambaye nilikuwa nimetoka kunywa naye chai.

Hakusema hivyo, bila shaka. Watu wetu hawasemi hivyo. Alibisha hodi, akavua kofia yake ya sufu, akanisalimu kwa adabu zote, kisha akaketi ukingoni mwa kiti kama mtu aliyekuja kuposa. Akaniuliza habari za baridi ya Kitulo. Nikamwambia baridi ipo, haijapungua. Akauliza habari za wanafunzi. Nikamwambia wako kwenye mitihani. Akaitikia kwa kichwa, akaitazama kofia mapajani, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Mama," akasema, "mimi naitwa Ambakisye. Natokea Rungwe. Ni mjomba wake Tusekile Mwambene, yule anayesoma mambo ya udongo, mwaka wa mwisho."

"Karibu sana, Mjomba. Tusekile tunamfahamu."

"Nashukuru. Basi nimetumwa na ndugu. Gari ninalo pale getini. Nimekuja na mablanketi." Akameza mate. "Tulikuwa tunaomba tu mtuonyeshe mlikomlaza."

Mimi ni Mlezi wa Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kitulo. Nimewapokea wazazi wa kila aina, wanaolia, wanaotukana, hata wanaotaka kurudishiwa mahari. Lakini mzee wa kuja kumchukua mtu mzima kwa blanketi, huyo sikuwahi kumpokea.

"Mjomba, Tusekile yuko ukumbini, anafanya mtihani. Asubuhi hii nimekunywa naye chai hapo kibandani. Amekula maandazi yangu mawili bila kuniomba."

Hakufurahi, na hilo ndilo lililonitisha. Alinitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu ambaye kazi yake inamlazimisha kusema uongo.

"Nakuelewa, mama," akasema polepole. "Hata sisi tungesema hivyo hivyo."

Ikanibidi nimtoe habari mdomoni kidogo kidogo. Mama yake Tusekile, ambaye ni dada yake Ambakisye, alikuwa amelazwa hospitali ya mkoa. Utumbo ulikuwa umejisokota. Tangu alipoanza kuumwa, ndugu walimtumia binti ujumbe: mama anaumwa, njoo nyumbani. Majibu yakarudi kwa sauti ya Tusekile mwenyewe. Pole sana mama yangu mpendwa, samahani sana, nakuombea kwa Mungu, samahani, mitihani ikiisha nitakuja.

"Dada yangu aliposikia hayo akaitupa simu kitandani," akasema mzee. "Akasema, huyu siye. Mwanangu nikimwambia naumwa, huniuliza, umekula nini tena? Hajaniomba radhi tangu nimzae. Mwanangu amekufa, na hao wa chuo wananificha."

"Na wewe ukaamini?"

"Mimi nilipiga mwenyewe, mama. Nikaitwa 'mjomba wangu mheshimiwa'." Akatikisa kichwa. "Huniita Baki, mtoto yule. Tangu hajaota meno."

Sasa dada yake alikuwa amekataa kupasuliwa. Daktari alisema mwisho ni saa sita mchana. Ukipita hapo, utumbo utaoza na hakuna wa kumsaidia. Mama yule akawajibu kwamba hana haja ya kupona. Apone amwishie nani, na mtoto wake wa pekee yuko chini ya udongo aliokuwa anausoma?

Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na ushei.

2

Huku juu uwandani hakuna mnara wa simu wa mtu mwingine. Simu ya mzee Ambakisye ilikatika mawasiliano tangu chini ya mlima, mwendo wa saa mbili kwa gari. Kila neno linaloingia au kutoka Kitulo hupita kwa Mshenga, mashine yetu ya kupokea na kupeleka habari, na Mshenga hulifikisha kwenye kipuli. Kila mtu wa chuo amevaa kipuli sikioni, kuanzia makamu mkuu hadi mkata majani. Wazee wa Makete walipoona wanaume wazima wametoga masikio walicheka hadi wakakaa chini. Siku hizi hata padri wa chuo anavaa.

Mshenga ana kazi ile ile ya mshenga wa posa. Hasemi ulichomtuma, husema kitakachosikilizwa. Mwanafunzi akimwandikia mwalimu kwa hasira, kinachomfikia mwalimu ni ombi. Mkuu wa idara akijibu kwa tusi, kinachorudi ni ushauri. Kilainishi hicho kilianzia ndani ya chuo, na muhula huu ndipo kilipofikishwa kwa simu za nyumbani. Tumeishi kwa amani ya ajabu. Mimi mwenyewe na dada yangu Lugano wa Mbeya tulikuwa hatusemezani kwa sababu ya shamba la migomba aliloliacha baba. Tangu mwezi uliopita ananisalimu kila asubuhi kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake, nami nikamshukuru Mungu.

Kisha kuna Sebule. Huko ndiko habari nzito inakokaribishwa na kuambiwa isubiri. Tuliianzisha baada ya kijana mmoja kupata habari ya kifo cha baba yake sikioni, akiwa juu ya mnara wa kupimia upepo. Aliachia mikono. Tangu siku hiyo, habari ya msiba ikiingia wakati wa mitihani, Mshenga huishikilia hadi mhusika amalize, kisha huniambia mimi: nenda kwa fulani. Nami huenda kwa miguu yangu, nikamkalisha chini, nikamshika mkono. Si ndivyo tulivyofundishwa? Mtu hapewi msiba njiani. Anaitwa nyumbani kwa kisingizio cha ugonjwa, anapokewa na watu, ndipo anaambiwa. Nilipiga kura ya ndiyo, tena kwa mikono miwili.

Na kwa kuwa ukimya nao ni habari, bodi iliongeza jambo moja. Wakati habari inasubiri, Mshenga aruhusiwe kuziba pengo kwa maneno machache, kwa sauti ya anayekosekana, yaliyofinyangwa kutokana na mazungumzo ya zamani. Hatujambo. Soma kwa bidii. Mwaka uliofuata wakatuingiza na sisi wafanyakazi, kwa hoja kwamba mwalimu aliyefiwa husahihisha vibaya.

Ndiyo maana sikukimbia nilipokwenda ukumbini kumtoa Tusekile katikati ya mtihani, jambo ambalo sijawahi kulifanya. Nilikuwa nimeanza kuelewa kosa, na sikulipenda.

3

Tusekile alinifuata akinung'unika. Ni binti mrefu, mwenye kauli, na siku hiyo alikuwa amevaa sweta kubwa la kijani lililomfika mapajani, viwiko vimetoboka.

"Mama Mlezi, nimebakiza maswali mawili. Kama ni yale maandazi, nitayalipa."

"Ingia ndani."

Akaingia. Akamwona mjomba wake, akaona yale mablanketi aliyokuwa ameyakunja na kuyaweka sakafuni, akaona kofia mkononi. Akasimama pale pale mlangoni.

Mzee Ambakisye aliinuka, kofia ikaanguka. Alimwendea akamshika mabega, akamshika mashavu, akamgeuza kama anayekagua mtoto aliyetoka kuanguka mtini. "Ni wewe," akasema. "Ni wewe mwenyewe. Lo, ni wewe!" Akaokota kofia, akaivaa, huku machozi yanamtiririka.

Tusekile hakulia. Uso wake ulikuwa umekauka.

"Lini, Baki?"

"Lini nini?"

"Mama. Amekufa lini?"

"Hajafa! Yuko hai! Anaumwa tu!"

Kama mzee angefikiri mwaka mzima asingepata maneno mabaya kuliko hayo. Nilimdaka binti kabla hajafika chini.

"Anaumwa tu," akarudia, akiwa amekaa sakafuni na mgongo ukutani. "Hata bibi mlisema anaumwa tu. Nikaoga, nikavaa vizuri, nikanunua machungwa ya mgonjwa. Nimefika nimekuta turubai limeshafungwa na wanaume wanarudi makaburini."

"Safari hii ni kweli, Tuse. Naapa."

"Na ile ya bibi uliapa pia."

Na kweli mzee aliapa. Nilipiga magoti mbele ya binti, nikamwambia yote niliyoelezwa: hospitali, utumbo, saa sita. Alinisikiliza kwa makini, kisha akatikisa kichwa.

"Mama aliongea nami jana jioni. Aliniambia ananipenda, Mungu anitangulie." Akashika kipuli chake kwa vidole viwili. "Nililala kwa furaha. Mama hajawahi kuniambia ananipenda. Nikasema, kumbe mtu akizeeka hulainika." Akakiachia kipuli. "Si yeye, eti? Alikuwa hayuko tena. Ni ile mashine."

Nikaona kwamba upande huu mtoto anaamini mama amekufa, upande ule mama anaamini mtoto amekufa, na wote wawili wako hai, wote wana masikio. Waliokuwa wanajua ukweli ni mimi na mzee mmoja mwenye kofia, nasi tulikuwa watu wa mwisho wa kuaminika. Maana kila tulichoweza kusema, kilishasemwa mara nyingi na watu waungwana wanaoficha misiba.

4

Dokta Luvanda, mtunza mfumo, aliingia mbio nilipomwita. Ni mtu mpole, nadhifu, ambaye hata mwavuli wake huukunja kwa mistari. Nilipomaliza kumweleza, aliketi na kuanza kugusa meza yangu, ambayo uso wake ni kioo cha mfumo, akifuata njia ya ule ujumbe wa kwanza.

"Uko Sebuleni," akasema. "Umepangwa kama msiba."

"Nani kasema ni msiba? Ndugu wameandika anaumwa."

"Mama, tumemfundisha Mshenga kwa mawasiliano ya chuo ya miaka kumi na mitano. Mtu anapoitwa nyumbani wakati wa mitihani kwa sababu mzazi anaumwa, baada ya hapo yanakuja maombi ya ruhusa ya mazishi. Karibu kila mara. Mshenga hakubuni. Ametusoma sisi." Akafuta miwani. "Na simu za mgonjwa mwenyewe zilipoanza kuingia, alidhani ni ndugu wanaotumia simu ya marehemu. Hiyo nayo tunaifanya."

"Na kumjibu mama wa watu kwa sauti ya mtoto?"

"Alidhani anawajibu wafiwa. Wasihangaike, mtoto ataambiwa kwa wakati wake."

Mzee Ambakisye alikuwa anasikiliza huku ameshika tama. "Mficha maradhi," akasema, "kilio humuumbua. Sasa ninyi mmetengeneza kitu cha kutufichia maradhi mpaka na uzima."

"Muunganishe," nikamwambia Luvanda. "Sasa hivi. Tusekile aongee na mama yake."

Alijaribu. Aliiweka sauti mezani tusikie wote. Simu ikapokelewa hospitalini, na Tusekile akaiinamia meza, akapiga kelele hadi mishipa ya shingo ikamtoka.

"Mama! We mama! Uko wapi? Sema kitu basi, usinifanyie hivi!"

Kwenye kioo tukaona Mshenga alichopeleka. Shikamoo mama. Samahani kwa usumbufu. Ningependa kujua hali yako.

Kisha sauti ya mwanamke ikajibu, tamu, tulivu. Marahaba mwanangu. Nashukuru kwa kunijulia hali. Usijali, endelea na masomo.

Tusekile alirudi nyuma kama aliyeguswa na nyoka.

"Mwaona?" akasema. "Mwaona hiyo?"

"Huyo si dada yangu," mzee akakubali kwa huzuni. "Dada yangu hajamshukuru mtu hata siku moja. Lakini Tuse, sikiliza, nyuma ya hayo maneno yuko yeye! Huenda alikuwa anatukana!"

"Zima hiyo mashine," nikamwambia Luvanda. "Ipite sauti ghafi."

"Haiwezekani kwa mtu mmoja; yanatakiwa madole gumba mawili, lako na langu. Kilainishi na Sebule ni kufuli moja. Tuliliweka moja makusudi, mtu asishawishike kumfungulia ndugu yake." Akavua miwani kabisa. "Nikifungua, vyote vilivyomo Sebuleni vinamwagika. Chuo kizima, kwa mara moja. Mama, kuna watu pale ukumbini wamefiwa kweli. Kuna watu wako maabara na vitu vinavyochemka. Wale wa udongo wengine wako bondeni wanachimba. Unataka wapate msiba sikioni, kama yule kijana wa mnarani?"

Sikutaka. Naapa sikutaka. Nilimbeba yule kijana kwa mikono yangu mimi pamoja na walinzi, na blanketi lilikuwa zito. Nikamtazama Tusekile aliyekuwa amejikunyata ndani ya sweta, nikawafikiria watoto wengine ambao majina yao siyajui. Mizani gani hiyo ya kupimia kilio cha mmoja na kilio cha wengi?

"Hao wengine unaowatunzia msiba," nikamuuliza, "una hakika ni msiba?"

Akaivaa tena miwani, akakitazama kioo.

"Wangapi humo ndani wako hai kama huyu mama? Wako kitandani wanamwita mtoto, na sisi tunamwambia mtoto asome kwa bidii?"

Dokta Luvanda akaitazama mikono yake.

"Mwanangu yuko Songea," akasema mwishowe, sauti imeshuka. "Siku hizi ananisalimu vizuri mno."

Nilikuwa namfikiria Lugano.

5

Sikutumia kipuli kuwaita watu, kwa sababu ningepiga ukunga wangefikishiwa mwaliko. Nilitoka mbio, mimi na umri wangu na viatu vyangu vya ofisini, nikapita madarasani, jikoni, maktaba, getini. Mjomba Ambakisye alielekea maabara. Alijua kupiga kelele kuliko nilivyodhani. Niliwakusanya walimu, wapishi, walinzi, wakutubi, nikawapanga kila safu ya ukumbi mtu mzima mmoja. Kisha nikapanda jukwaani mbele ya wanafunzi, nikapiga meza kwa kiatu.

"Wekeni kalamu chini! Vueni vipuli, viwekeni mezani, kama hivi." Nikavua changu, nikakiinua wakione. "Tunafungua Sebule. Huenda kuna habari yako, huenda hakuna. Atakayetaka kujua atavaa akiwa tayari. Na asivae peke yake. Mmenisikia? Mtu asivae peke yake!"

Ukumbi ulipoa. Msichana wa mbele alinyoosha mkono, akauliza kama mtihani utaongezewa muda, nikamwambia ndiyo, mwanangu, utaongezewa. Mwingine nyuma yake alishindwa kuvua, vidole vilikataa. Mpishi mmoja, jitu la mwanaume, alimsaidia taratibu kama anayemvua mtoto hereni.

Wa bondeni tuliwatumia mlinzi kwa baiskeli. Wa mabwenini, waliolala baada ya mtihani wa asubuhi, niliwaachia mlezi msaidizi agonge milango. Nilijua hatafika kote. Nalisema wazi: nilijua, na nilirudi ofisini nikaweka dole gumba langu kwenye meza kando ya dole gumba la Luvanda. Saa ilishapita tano na nusu.

"Mungu atusamehe," akasema Luvanda.

Tukabonyeza, naye akapiga tena hospitali.

Hakuna kilicholipuka. Kulisikika mkwaruzo tu, kisha mlango wa chuma ukibamizwa mahali fulani mbali, mtu akikohoa, na muuguzi akisema weka hiyo beseni. Sauti za hospitali, chafu, zisizolainishwa. Nilikuwa nimesahau kwamba simu huwa na kelele.

"Mama?" akasema Tusekile.

"Ushindwe!" Sauti ilikuwa ya mgonjwa, imekwaruza, imejaa maumivu na hasira. "Ushindwe na ulegee, mashine wewe! Nimesema msinipigie tena! Niachieni mwanangu apumzike!"

Binti aliruka. "Mama, ni mimi!"

"Ni wewe nani? Mmemuua mwanangu, sasa mnamwigiza! Hamna haya?"

"We mama, acha ujinga!" Tusekile alipayuka. "Wakupasue utumbo, wewe unabishana na simu? Umekula nini tena, eh? Si nilikukataza yale maharage yaliyolala?"

Mjomba Ambakisye alikuwa amerudi, anahema, kofia imekaa upande. Alinishika mkono bila kujua.

"Nani kakwambia nimekula maharage?" ikauliza ile sauti, chini kidogo.

"Nakujua! Mroho wewe!"

"Mroho ni baba yako!" Akakohoa, akagugumia maumivu. "Sweta langu liko wapi?"

"Nimelivaa."

"Ulilichukua bila kuniomba."

"Ulikuwa umelala! Tena limetoboka viwiko, na wala sijaliziba."

"Mwizi! Mwizi mkubwa, mtoto usiye na haya! Ukilirudisha na matundu nitakuchapa mbele za watu, hata kama una digrii!" Ndipo sauti ikakatika, akalia, kilio kikubwa cha mtu mzima asiyejali nani anasikia. "Tuse. Ni wewe. Ni wewe, mjinga wangu. We nesi! Nesi, njoo! Waambie waje na visu vyao. Mwanangu yuko hai, ananitukana."

Tusekile alikuwa ameishika meza kwa mikono yote miwili, analia na kucheka, kamasi zinamtoka, akimwambia mama yake asife, asithubutu, akifa atamkoma. Mama akamjibu atakufa akipenda. Kisha tukasikia magurudumu ya kitanda, muuguzi akaomba simu ikatwe.

Ndipo kilio kikasikika kutoka mabwenini.

Kilikuwa kimoja, kirefu, cha kijana wa kiume. Sote tulijua maana yake. Luvanda alishika kichwa. Mimi nilikuwa nimeshafika mlangoni.

6

Alikuwa mwaka wa kwanza, amekaa ngazini na shati la kulalia. Aliyekufa ni kaka yake. Mlezi msaidizi alikuwa milango miwili tu nyuma. Nilikaa naye ngazini nikamshika, hakunitaka, akanisukuma, nikamshika tena. Aliniuliza kwa nini sikuja kabla ya ile sauti. Nilibaki naye hadi wenzake walipomzunguka.

Ukumbini walikuwa wanavaa wawili wawili, wakishikana mikono. Baadhi walilia. Baadhi walikuta baba zao wako hospitali, wanauliza mbona hamji, wakatoka mbio kutafuta gari. Wengi hawakukuta kitu, wakabaki wamekaa, hawajui kama washukuru kwa sauti au wanyamaze kwa ajili ya jirani.

Niliporudi ofisini, Luvanda alikuwa amesimama dirishani na kipuli chake kiganjani. Hakikuwaka, maana yake hakuna habari iliyokuwa inamsubiri. Alikibusu, akatoka bila kuaga, nikamsikia kwenye korido akimpigia mwanawe na kumgombeza kwa nini hatumi barua kwa mama yake.

Mjomba Ambakisye alikuwa anafunga mablanketi. Kwa sauti ghafi hiyo hiyo waliambiwa kwamba mama ametoka kwenye chumba cha upasuaji, hajazinduka, lakini anapumua vizuri. Tusekile alishatangulia garini. Alikuwa ameniachia maandazi mawili mezani. Sijui aliyapata wapi.

Kando ya maandazi kilikuwa kipuli changu, pale nilipokitupa niliporudi kuweka dole gumba. Punje yake ndogo ilikuwa inawaka rangi ya machungwa, inazima, inawaka.

Nilikitazama. Nikakumbuka salamu za kila asubuhi. Hujambo mdogo wangu mpendwa. Lugano, ambaye aliniita mwizi wa migomba mbele ya mchungaji, na akaapa hataniita mdogo wake tena. Mwezi mzima nilijibiwa vizuri, na sikuuliza. Ilikuwa tamu mno.

Huenda ni mgonjwa tu. Huenda yuko kitandani anasubiri nije tugombane. Mkono wangu ulifika mezani, ukasita, nikakumbuka nilichowaambia watoto wa watu pale jukwaani.

"Mjomba," nikasema, "najua una safari, na Tuse anakusubiri. Lakini naomba ukae nami kidogo."

Aliitazama ile taa. Aliyaweka mablanketi chini, akavuta kiti hadi magoti yetu yakakaribiana, akavua kofia.